UZI: Walter Rodney, mwalimu wa Mlimani aliyekataa watu wagawanywe kwa rangi zao

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi humu jukwaani kulikuwa na mjadala ulioishia kwenye matusi. Mmoja anasema mtu mweusi ndivyo alivyoumbwa, hawezi kujiendesha. Mwingine anasema shida yote ni Wahindi, wangeondoka tungepumua. Nilianza kujibu, nikafuta. Nimeona bora nilete habari za mtu aliyeishi hapa Dar, akafundisha pale Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mabinti zake wawili wakazaliwa hapa Tanzania, na maisha yake yote akayatumia kupambana na maneno ya namna hiyo. Mimi nafundisha historia sekondari na kila mwaka nalitaja jina lake darasani, lakini muda wa kipindi hautoshi. Humu nafasi ipo. Nitaleta kwa vipande.

Walter Rodney alizaliwa Georgetown tarehe 23 Machi 1942. Nchi ilikuwa koloni la Waingereza, leo inaitwa Guyana, iko Amerika ya Kusini ikipakana na Venezuela na Brazili. Baba yake alikuwa fundi cherehani, mama yake naye mshonaji. Mwaka 1953 chama cha PPP, ambamo Waafrika na Wahindi walikuwa pamoja, kilishinda uchaguzi. Siku 133 baadaye Waingereza wakaleta askari na kusimamisha katiba. Mzee Rodney alikuwa mwanachama, na Walter, mtoto wa miaka 11, alikuwa anatumwa kugawa vipeperushi vya chama. Baadaye chama kikapasuka. Cheddi Jagan, mwenye asili ya India, akabaki na Wahindi wengi. Forbes Burnham, Mwafrika, akaondoka na Waafrika wengi. Miaka ya 1962 hadi 1964 majirani waliokuwa wakiazimana chumvi wakachomeana nyumba. Lishikeni hilo, maana ndilo aliloenda kulikabili mwishoni mwa maisha yake.

Kichwa chake kilikuwa chepesi. Alisoma Queen's College pale Georgetown kwa kushinda nafasi ya kusomeshwa, akapata nyingine ya kwenda Chuo Kikuu cha West Indies, Mona, Jamaika. Mwaka 1963 akamaliza historia kwa daraja la kwanza, kisha akaenda London, na mwaka 1966, akiwa na miaka 24, akapata udaktari wa falsafa. Tafiti yake ilihusu pwani ya Guinea ya Juu, yaani huko ziliko leo Guinea-Bissau, Guinea na Sierra Leone, kati ya mwaka 1545 na 1800. Ilimbidi ajifunze Kireno ili asome maandishi ya zamani kule Lisbon.

Naomba tukae hapa kidogo.

Wakati ule wanahistoria wakubwa wa Ulaya walikuwa na hoja moja tamu kwao: kwamba Wazungu walipofika Afrika Magharibi walikuta biashara ya utumwa imeshamiri, wao wakajiunga tu na soko lililokuwepo. Rodney akarudi kwenye maandishi ya Wareno wenyewe, ya wale waliotangulia kufika pwani ile. Akauliza swali la kawaida kabisa: kama kulikuwa na tabaka kubwa la watumwa, mbona hawa waliofika mwanzo hawalitaji? Walitaja vyakula, nguo, wafalme, vita, ndoa. Tabaka la watumwa linaonekana zaidi katika maandishi ya baadaye, baada ya meli kupiga safari za kuja kuchukua watu kwa zaidi ya miaka 200. Kwa hiyo kilichoonyeshwa kama tabia ya asili ya Mwafrika kilikuwa matokeo ya biashara ile ile. Makala yake ya mwaka 1966 katika jarida la historia ya Afrika ilizua mabishano ambayo hayajaisha mpaka leo.

Naenda kusahihisha madaftari, nitarudi usiku.

---

Nimerudi. Naona michango imekuwa mingi, asanteni. Nijibu kwanza hii:

"Mkuu, mbona hamsemi kwamba machifu wetu wenyewe ndio walituuza? Tusimsingizie Mzungu kila kitu."

Ndugu yangu, Rodney mwenyewe alilisema, tena kwa ushahidi, miaka sitini iliyopita. Alionyesha jinsi watawala wa pwani ile walivyoigeuza sheria. Kosa ambalo zamani adhabu yake ilikuwa faini au kulipa mifugo, mfano ugoni au deni, likawa adhabu yake ni kuuzwa. Hukumu ikawa mtego wa kukamatia watu. Hakumfichia mtu aibu. Ila aliangalia kwa jicho tofauti na lako. Wewe unasema "tulijiuza". Yeye aliuliza: nani alimuuza nani? Jibu likawa kwamba wakubwa waliwauza wadogo, na wakubwa wa pande mbili za bahari wakaelewana vizuri sana. Mkulima wa mpunga aliyefungwa kamba hakuwa na hisa katika biashara hiyo. Ukisema "Waafrika waliuza Waafrika" umeshaingiza rangi mahali ambapo kilichokuwa kikitenda kazi ni mali na mamlaka.

Hilo ndilo wazo lake kubwa, na lipo waziwazi katika kile kitabu chake cha mwaka 1972, How Europe Underdeveloped Africa. Anasema ni kosa kudhani Wazungu waliwafanya Waafrika watumwa kwa kuwa waliwachukia weusi. Walitaka wafanyakazi wa mashamba na migodi ya Amerika, basi. Walipokwisha kutegemea jasho hilo ndipo wakahitaji maneno ya kulihalalishia, na maneno hayo yakawa ubaguzi wa rangi. Kazi ilitangulia, dharau ikafuata.

Nikiwaeleza wanafunzi wangu hapa huwa nawaambia waangalie miji yetu. Sisi wenyewe mpaka leo tunasema Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, kana kwamba ni majina kama mto au mlima. Dar es Salaam iligawanywa kwa kanuni za ujenzi tangu enzi za Mjerumani, Mwingereza akaendeleza: nyumba za namna hii zijengwe hapa, za namna ile kule, na kila namna ya nyumba ikawa na watu wake. Miaka hamsini baadaye mtoto anazaliwa Kariakoo anaona Wahindi wako kule, Wazungu wako kule, anadhani Mungu ndiye aliyewapanga.

---

Tuendelee na Jamaika, kwa kifupi, ingawa wenyewe huko wanaikumbuka sana.

Rodney alifundisha kwanza hapa Dar mwaka 1966 na 1967, kisha Januari 1968 akarudi Mona kama mhadhiri. Wenzake wengi wakitoka darasani walienda nyumbani. Yeye alikuwa anashuka Kingston kwenye mitaa ya mabanda kukaa na Marasta na vijana wasio na kazi, akiwasimulia historia ya Afrika. Ameandika mwenyewe kwamba aliwahi kukalia pipa dogo la mafuta lililoota kutu, katikati ya takataka, akizungumza na ndugu zake hao. Daktari wa falsafa wa miaka 26. Na hakuwa mtoaji tu, aliwasikiliza. Alikiri kwamba Marasta walimfundisha mengi.

Serikali ya Jamaika wakati huo ilikuwa ya watu weusi, nchi imepata uhuru, na kaulimbiu ya taifa inasema kwamba kutoka kwa wengi wamekuwa watu wamoja. Rodney akasema kaulimbiu hiyo ni pazia, maana aliye chini bado ni mweusi. Oktoba 1968 alikwenda Montreal kwenye mkutano wa waandishi weusi. Ndege yake iliporudi Kingston tarehe 15, akazuiwa kuteremka. Kesho yake wanafunzi wakaandamana, wakazi wa mitaa ya chini wakajiunga, mabasi yakachomwa, watu wakafa. Hotuba zake za wakati ule zikachapishwa London mwaka 1969 na Bogle-L'Ouverture, shirika dogo lililoanzishwa na Wakaribi wenyewe.

Jambo moja katika hotuba hizo limenikaa. Alipotaja nguvu ya weusi, aliwahesabu na Wahindi wa Karibi ndani yake. Waliochukuliwa India kwenda kukata miwa, alisema, ni wenzetu katika dhuluma ile ile. Kwa siasa za Guyana ya wakati ule, hayo yalikuwa maneno mazito.

---

"Sasa Dar alifanya nini hasa? Tunasikia tu jina."

Dada, swali zuri, na hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Alirudi mwaka 1969, akakaa mpaka 1974. Jaribuni kuipata picha ya mji huu wakati ule. Azimio la Arusha lina miaka miwili. FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, wana ofisi hapa, na Februari 1969 kiongozi wao Eduardo Mondlane aliuawa hapa hapa kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Mlimani kuna wanafunzi waliounda chama chao cha kimapinduzi, USARF, ambacho Yoweri Museveni aliwahi kukiongoza, na wana jarida lao linaitwa Cheche. Waliokuwa wakiandika na kuhariri ni kina Karim Hirji, Henry Mapolu, Zakia Meghji, Issa Shivji. Yasomeni majina hayo tena, ninyi mliokuwa mnatukana Wahindi juzi. Vijana wenye asili ya India na wenye asili ya hapa wamekaa meza moja usiku wanachapa jarida la kuwatetea wakulima na wafanyakazi. Rodney alikuwa mwalimu wao na mwenzao. Novemba 1970 chama na jarida vyote vikapigwa marufuku.

Yeye mwenyewe naye alionywa. Desemba 1969, kwenye semina ya vijana hapa Dar, alisema kwamba baadhi ya serikali za Afrika huru ni mabwana wapya waliovaa ngozi yetu na kwamba zinastahili kupinduliwa. Gazeti la The Nationalist likamjibu kwa tahariri kali: mgeni aliyekaribishwa asitumie ukarimu wetu kuchochea vurugu kwa majirani. Akajibu kwa barua ya heshima, hakurudi nyuma kwenye hoja. Na hakufukuzwa. Ukilinganisha na alichofanyiwa Kingston, nchi yetu ilijitahidi.

Kitabu chake kikubwa kilichapishwa na Bogle-L'Ouverture kwa kushirikiana na Tanzania Publishing House ya hapa hapa Dar. Maneno ya mwisho wa kitabu yaliandikwa na Abdulrahman Babu wa Zanzibar. Rodney alikuwa na miaka 30.

Lakini kazi yake inayonigusa zaidi haina umaarufu. Akiwa Mlimani alichunguza habari za manamba, pamoja na Kapepwa Tambila na Laurent Sago. Babu yangu mzaa baba alikuwa manamba. Alitolewa Kigoma, akasafirishwa hadi mashamba ya mkonge Tanga, akapewa namba na kipande. Kipande kilikuwa karatasi yenye siku 30. Ukimaliza kazi ya siku msimamizi anatia alama, usipomaliza siku hiyo haipo. Nikiwa mdogo nilikuwa namuuliza babu mbona mikono yako ina madoa meupe mpaka kwenye viwiko. Anasema, ni utomvu wa mkonge, unawasha, ukijikuna ndiyo umeharibu. Kule Tanga waliwaita "watu wa bara", na sifa ilikuwa kwamba watu wa Kigoma wana nguvu ila akili hawana. Babu aliiamini sifa hiyo mpaka anakufa. Alikuwa akijivunia nguvu zake.

Nilipokuja kusoma jinsi mamlaka ya kikoloni ilivyoziacha sehemu kama Kigoma bila zao la biashara na bila barabara ili vijana wasiwe na njia ya kulipia kodi isipokuwa kuandikishwa, na jinsi mwaka 1944 wenye mashamba walivyounda ofisi yao ya kukusanya vibarua, SILABU, nililia. Sikuona aibu. Kumbe "nguvu za watu wa Kigoma" zilikuwa sera.

---

"Rodney alimtetea Mwarabu. Kwenye utumwa wa Zanzibar aligeuza kila kitu kuwa cha Mzungu."

Mkuu, hapa nakubaliana na wewe kwa kiasi. Alisema kwamba kile kilichoitwa biashara ya Waarabu kilikuwa kinalisha mashamba ya Wazungu kule Mauritius, Réunion na Amerika, na kwamba hata karafuu za Zanzibar, zilizolimwa na watumwa chini ya Waarabu, zilikuwa zinafuata soko la kibepari la Ulaya. Kuhusu masoko yuko sawa. Lakini alipita haraka mno. Mtu aliyetolewa Nyasa akavushwa hadi Unguja alikuwa na bwana aliyemjua kwa sura na jina, na bwana huyo hakuwa London. Mateso hayo yanahitaji kusimuliwa kwa urefu wake. Kumpenda Rodney hakunizuii kusema hivyo. Yeye mwenyewe alipenda kubishana, mwaka 1970 alikwenda Makerere kupambana kwa hoja na Ali Mazrui, msomi wa Kenya, mbele ya umati.

---

Kipande cha mwisho. Nilikiogopa, maana kila nikikiandika naumia.

Kwa nini aliondoka Dar? Alilieleza baadaye, na kwa sisi wenye Kiswahili inapendeza kusikia. Alisema mtu akitaka kufanya siasa ya kweli lazima awe ndani ya lugha na utamaduni wa watu: aende sokoni apatane bei bila kujulikana kuwa mgeni, acheke mtu akitaniwa kwa jina la utani. Aliona kwamba Tanzania hatafika hapo. Guyana alikuwa amefika tangu kuzaliwa.

Mwaka 1974 akaitwa kuwa profesa na mkuu wa idara ya historia katika Chuo Kikuu cha Guyana. Serikali ya Burnham ikaifuta ajira kabla hajaanza. Watu wakadhani ataondoka. Akabaki, na mke wake Patricia na watoto watatu, bila mshahara wa kudumu.

Akaanza kuandika historia ya wafanyakazi wa nchi yake, kuanzia 1881 hadi 1905. Pwani ya Guyana iko chini ya usawa wa bahari. Miwa haiwezi kulimwa bila mifereji na kuta za kuzuia maji. Rodney alichukua makadirio ya tume ya serikali akaandika kwamba watumwa wa Kiafrika walihamisha tani milioni 100 za udongo mzito wa mfinyanzi, kwa koleo mkononi, wakiwa ndani ya tope na maji siku zote. Halafu utumwa ulipokoma na Waafrika wakaanza kugoma wakidai ujira, wenye mashamba wakaagiza vibarua wa mkataba kutoka India. Kati ya 1838 na 1917 waliletwa karibu 240,000. Kila upande ukaambiwa habari za mwenzake: yule mvivu, yule bahili, yule mkorofi, yule mtiifu. Rodney alionyesha maneno hayo yalitoka kwa nani. Alionyesha pia kwamba Wahindi waliodaiwa kuwa watiifu waligoma mara nyingi mashambani.

Alitaka na watoto wayajue. Akaandika kitabu kidogo cha Kofi aliyetoka Afrika na kingine cha Lakshmi aliyetoka India, ili mtoto wa kila upande ajue mwenzake alifikaje.

Nyumba za Guyana nyingi zimeinuliwa juu ya nguzo kwa sababu ya mafuriko, na chini yake panabaki uwazi wa kupumzikia. Huko ndiko alikofundishia. Jioni chini ya nyumba ya mtu, wachimbaji wa boksaiti wa Linden, Waafrika, na siku nyingine wakata miwa, Wahindi. Chama chao, Working People's Alliance, kikaanza kuwakutanisha. Watu waliochomeana nyumba mwaka 1964 wakawa wanasimama kwenye mkutano mmoja. Burnham alikuwa mtu mweusi, akisaidia harakati za ukombozi wa Afrika, lakini utawala wake ulikuwa umesimama juu ya mgawanyiko ule. Hilo lilimtisha kuliko kitabu chochote.

Julai 1979 Rodney na wenzake walikamatwa kwa tuhuma za kuchoma jengo la wizara na chama tawala. Siku walipofikishwa mahakamani, padri Bernard Darke, aliyekuwa akipiga picha za gazeti, alichomwa kisu barabarani akafa. Mwaka 1980 Rodney alizuiwa kusafiri, akatoroka akaenda Zimbabwe iliyokuwa imepata uhuru, na akarudi. Angeweza kubaki huko. Alirudi.

Ijumaa tarehe 13 Juni 1980, jioni, alikuwa kwenye gari na mdogo wake Donald. Walikuwa wametoka kuchukua redio ya upepo kwa Gregory Smith, sajenti wa jeshi aliyewaendea kama rafiki mwenye ujuzi wa umeme. Waliambiwa waijaribu. Ikalipuka mapajani mwa Walter. Alikuwa na miaka 38. Donald alijeruhiwa, akapona, kisha akashtakiwa yeye kwa kumiliki mlipuko na kuhukumiwa. Smith alivushwa hadi Guyana ya Wafaransa, akaishi huko mpaka akafa mwaka 2002 bila kusimama mbele ya hakimu. Tume iliyoundwa mwaka 2014 ilihitimisha mwaka 2016 kwamba mauaji yale yalipangwa na vyombo vya dola na kwamba Burnham alijua.

Naona mmoja wenu ameuliza kama familia yake iliwahi kupata haki. Donald alifutiwa hatia mwezi Aprili 2021, akiwa mzee, baada ya miaka karibu 40. Mwaka huo huo serikali ya Guyana ikatangaza kurekebisha cheti cha kifo cha Walter. Sababu ya kifo ilikuwa imeandikwa ajali. Na kwenye kazi ya marehemu, mtu aliyefundisha Mona na Mlimani, mwandishi wa vitabu vilivyosomwa dunia nzima, karani alikuwa ameandika: hana kazi.